Picha Zisizofundisha

Jogoo alikuwa amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Ketrina alimlaza juu ya meza, katikati ya mkasi, gundi na vipande vya filamu, kisha akajipangusa mikono kwenye khanga kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama Yonathani. Huyu wa nini?"

"Wako. Nimewahi kabla watu hawajajaa. Nataka unionyeshe kidogo picha ya mwaka huu, mimi peke yangu, na pole pole. Mwaka jana nilisoma vibaya."

Nikodemo aliweka chini sindano aliyoishika. Kulikuwa kumekucha vizuri, jua lilikuwa limeanza kupenya kwenye matundu ya bati, na ghala lote la ushirika lilikuwa na vijistari vya mwanga ambavyo mkewe angevifuata baadaye kwa ngazi na magunia, kimoja baada ya kingine, mpaka giza litoshe. Saa nane mchana watu wangeingia. Alikuwa na vipande sita vya kuunga bado, mgongo ulikuwa unamuuma tangu Alhamisi, na sasa kulikuwa na jogoo anayemtazama kwa jicho moja.

Miaka sitini na mmoja si utani. Projekta yake nayo ilikuwa imezeeka, na balbu yake ilistahili kustaafu kumshinda yeye. Hii ilikuwa Septemba ya mwaka elfu mbili na nane, na tamasha lilikuwa la kumi na mbili. Yeye alikuwa ameliita Tamasha la Mikwaruzo. Watu wa Mlowo hawakuwa na muda na jina hilo. Walisema tu Sinema ya Mwezi wa Tisa, na kila mtu akaelewa.

Lilianza kwa hasira, ukitaka ukweli. Miaka kumi na minne Nikodemo alizunguka na gari la sinema la serikali, kutoka huku kwenye kahawa mpaka Ivuna kwenye chumvi, akifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili na kuwaonyesha watu filamu za vyoo, za mbu, za kupogoa mikahawa. Mwaka tisini na tatu wakampunguza kazini. Gari wakalichukua. Projekta iliyoharibika na masanduku matatu ya filamu zilizooza hawakuvitaka, vikabaki kwake vikila nafasi chini ya kitanda. Projekta aliitengeneza. Filamu hazikutengenezeka. Siku moja, akiwa amekata tamaa kabisa, alikwaruza kipande kimoja kwa sindano ya kushonea magunia, akakipitisha kwenye taa, na ukutani pakaruka mistari mieupe kama panzi wanaokimbia moto. Akacheka mwenyewe. Anastazia alitoka jikoni kuja kuhakikisha kama mumewe bado ni mzima.

Basi kila mwezi wa saba akawa anagawa filamu, pima moja kwa kila anayetaka, na mwenye nayo aifanye atakavyo. Faudhia, fundi cherehani wa pale stendi, alipitisha yake kwenye mashine bila uzi, sindano ikaitoboa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Maduhu, mfugaji wa Ivuna, alizika yake kwenye chumvi wiki tatu, ikarudi na rangi ambazo huwezi kuzikuta kwenye duka la vitambaa. Nikodemo aliviunga vyote na kuvionyesha ndani ya ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi walipoanza kusimamisha malori yao barabarani na kununua kahawa papo hapo. Mwaka wa kwanza walikuja watu kumi na tisa. Kumi na mmoja waliondoka kabla ya mwisho, na mmoja wa waliobaki alikuwa amelala.

Mwaka wa pili ndipo kosa lilipoingia.

Taa zilipowaka, mwalimu mstaafu Ezron alisimama na kuuliza kwa sauti yake ya darasani: "Haya, ndugu zangu. Tumejifunza nini?"

Wala asilaumiwe. Swali lile lilikuwa la Nikodemo mwenyewe. Enzi za gari la sinema kulikuwa na fomu, na mstari wa mwisho wa fomu ulisema: Wananchi wamejifunza nini? Asipoujaza hawezi kurudi mjini. Kwa hiyo kila kijiji, kila onyesho, miaka kumi na minne, alishika kipaza sauti na kuwauliza, na hakuruhusu mtu kuondoka mpaka jibu lipatikane. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku ile mzee mmoja akanyoosha mkono akasema yale madoa meusi yaliyokuwa yakiongezeka ni chulebuni, kahawa itaugua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakaenda kupiga dawa ya mrututu mapema. Mvua ikaja nyingi kupita kiasi, chulebuni ikapita kwenye mashamba ya Mbozi kama iliyotumwa, na waliokuwa kwenye ghala ndio waliochuma.

Mwezi wa tisa uliofuata watu walijaa mpaka mlangoni.

Nikodemo alijua. Alijua wanakuja kutazamia mwaka, kama wengine wanavyotazama utumbo wa kuku, na hakusema neno. Ghala lililojaa lilimpendeza. Alijiambia kwamba watazoea kuangalia kidogo kidogo, kwamba jicho nalo hufundishwa, kwamba haraka haina baraka. Aliandika barua kwenye ofisi mbalimbali kuomba msaada, zikarudi zikiuliza maudhui ni nini. Wananchi walau hawakuhitaji barua. Waliyatunga maudhui wao wenyewe, pale pale, bure.

"Mama Yonathani," alisema sasa. "Kaa kwanza."

"Wiki nzima nimeinama kwenye kahawa za watu. Acha ninyooke."

Hilo ndilo lililomkera roho. Mwaka jana Ketrina alikuwa na kahawa zake. Kisha akaona kwenye filamu ya Nikodemo madoa meusi, mengi, halafu ghafla weupe mtupu ukaendelea kwa muda mrefu. Watu walisema kahawa imekwisha, anza upya. Wengine walisema tu. Yeye alitenda. Mwaka huu bei ya kahawa ilipanda, na mahindi aliyopanda mahali pake yaliliwa na mchwa. Sasa alikuwa anachumia watu debe kwa debe, na asubuhi hii amemleta jogoo, labda jogoo wake pekee, kuomba radhi kwa kusoma vibaya.

Nikodemo aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Ule weupe haukuwa na maana," alisema.

"Kila kitu kina maana, shemeji."

"Sikiliza. Nilichemsha filamu na magadi ili nipate madoa. Nikakaa kwenye kiti, nikasinzia. Nilipozinduka utandu wote wa picha ulikuwa umebanduka, imebaki nyeupe. Sikuwa nimepanga. Niliipitisha kwenye taa nikaona imependeza, nikaiacha."

"Imependeza."

"Ndiyo. Niliipenda tu."

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kusaga ya Yahaya ilianza kunguruma, na taa ya ghala, iliyokuwa ikitumia umeme wake, ikafifia. Ketrina hakuitazama. Alikuwa akimtazama Nikodemo, na uso wake haukuwa na hasira, jambo lililokuwa gumu zaidi kulivumilia.

"Mikahawa mia mbili na arobaini," alisema. "Marehemu aliipanda mwaka niliomzaa Yonathani. Tuliing'oa siku tisa, mimi na mwanangu. Mizizi yake ilikuwa imekwenda chini sana. Kuna mmoja tulishinda nao kutwa."

"Nisamehe."

"Wewe ulisinzia. Kusinzia si dhambi."

"Leo nitasema. Nitasimama mbele ya watu wote niseme hakuna kitu humu, hakijawahi kuwemo."

Hapo ndipo Ketrina alipokaa. Alikaa juu ya sanduku la filamu, akavuta khanga mabegani.

"Usiseme," alisema.

"Lazima nise..."

"Shemeji, nisikilize na mimi. Sasa hivi nikipita dukani watu wanasema, Ketrina alisoma vibaya. Hilo nalibeba. Kila mtu hukosea; hata mwalimu Ezron aliwahi kusoma ukame, tukapata mafuriko, na bado wanamwamkia. Lakini ukisimama ukasema hapakuwa na kitu, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa mwanamke aliyeng'oa mikahawa ya mumewe kwa sababu mzee fulani alipitiwa na usingizi. Yonathani ataoa lini? Nani atampa binti kwenye nyumba ya namna hiyo?"

Ketrina aliinuka, akamsogeza jogoo kidogo ili asikanyage filamu, akatoka. Alitembea taratibu, mkono mmoja kiunoni.

Anastazia alimkuta mumewe bado amesimama palepale. Alikuja na ngazi begani, kikapu cha misumari mkononi na magunia shingoni, maana ile ndiyo ilikuwa sehemu yake ya tamasha tangu lianze, na hakuna aliyewahi kumwita mbele ya watu akapigiwa makofi. Nikodemo alimweleza yote. Anastazia alisikiliza huku akipanda ngazi.

"Baba Eliudi, mimi si msomi," alisema kutoka juu. "Ila nasikia mwalimu Ezron anangoja picha ya leo ndipo aamue kama auze ng'ombe wake wa kulimia. Wote wanne."

"Nani kakwambia?"

"Mkewe. Kisimani." Akapigilia msumari, gunia likaziba tundu, kijistari kimoja cha mwanga kikatoweka. "Sema au usiseme, utajua wewe. Mimi nimechoka kuziba mabati kwa ajili ya uongo. Kama ni kwa ajili ya picha, nitaziba mpaka nife."

*

Saa nane ghala lilijaa. Walikuja na viti vyao, vigoda, ndoo za kugeuza, watoto mgongoni. Walikuja watu wa Vwawa, na watu wawili wa Tunduma waliosikia habari kwa madereva, na Maduhu alikuwa ametoka Ivuna tangu jana, miguu ikiwa bado na vumbi jeupe. Wazee wawili walikuwa na daftari. Ketrina alikaa safu ya tatu, pembeni, peke yake.

Mlango ukafungwa. Nikodemo akawasha.

Tamasha la mwaka ule lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuuma. Katika miaka yote kumi na miwili hakuwahi kuunga filamu nzuri kiasi kile. Ilianza na matundu ya Faudhia, nyota ndogo ndogo zinazokwenda kwa mstari kama mshono, zikapinda, zikarudi, zikaanza kuzunguka. Ikaja chumvi ya Maduhu: wekundu uliopasuka taratibu, ukaingia rangi ya dhahabu, ukaingia kijani ambacho hata yeye aliyeiunga alishtuka kukiona. Halafu mikwaruzo yake mwenyewe, mirefu, iliyoshuka kutoka juu bila kufika chini. Filamu ilipita kwenye projekta kwa mlio wake wa kutafuna. Alisikia nyuma ya mlio huo watu wakinong'ona: mvua, hapana, ni mtama, angalia, angalia wekundu ule, hiyo ni damu. Kalamu zilikuwa zikiandika gizani. Alitamani sana, walau mara moja, ghala lote linyamaze liangalie.

Mwanga ukawaka. Ezron akasimama, kofia mkononi.

"Haya, ndugu zangu. Tumejifunza nini?"

Mikono mingi ikapanda. Mmoja alisema ile mistari ni mvua za mawe. Mwingine akasema hapana, mvua haifiki chini, ina maana itaanza vizuri ikatike mwezi wa pili. Mzee wa daftari akasimama, akasoma alichoandika: wekundu uliopasuka ni ugonjwa wa mifugo, na umetoka upande wa Ivuna, kwa sababu filamu yenyewe imetoka Ivuna. Watu wakaguna. Maduhu, aliyekuwa amezika filamu yake kwenye chumvi kwa sababu tu alitaka kuona itakuwaje, alitazama huku na huku kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Ezron alikunja kofia yake. "Basi ni ng'ombe," alisema, na sauti ya darasani ilikuwa imempotea. Alikuwa mtu mzima mwenye ng'ombe wanne na mvua ikiwa karibu kuanza. Akamgeukia Nikodemo. "Mwenye tamasha, miaka yote hii wewe hunyamaza. Leo nakuomba useme. Niuze?"

Nikodemo alisimama. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi, mtoto angeweza kulitamka. Akamwona Ketrina. Ketrina alikuwa ameangalia chini, mikono mapajani, amelishika pindo la khanga kwa vidole vyote kumi. Nikodemo akafungua mdomo. Akaufunga. Alijichukia wakati ule kuliko alivyowahi kujichukia maishani, na bado hakusema.

"Mimi sijajifunza kitu," sauti ilisema.

Ilikuwa ya Ketrina. Alikuwa amenyoosha mkono kama mwanafunzi, ingawa hakuna aliyemchagua.

Ezron alimwonea huruma. "Hukuelewa tu, mama Yonathani. Hata mwaka jana..."

"Mwaka jana hapakuwa na kitu, mwalimu. Alisinzia, filamu ikachemka ikatoka nyeupe. Ameniambia asubuhi ya leo." Akasimama sasa, maana huwezi kusema maneno kama hayo ukiwa umekaa. "Na hii ya leo ni chumvi na sindano. Mtu akizika filamu kwenye chumvi inakuwa nyekundu, basi. Mikahawa niliing'oa kwa mikono yangu mwenyewe. Wewe usiuze ng'ombe wako."

Mwanamke mmoja kule nyuma alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka bila kukusudia, na alijiziba mdomo upesi, lakini kilikuwa kimeshasikika ghala zima. Ketrina alikipokea bila kugeuka. Kisha akakaa.

"Ni kweli," Nikodemo alisema. Sauti yake ilitoka ikiwa na kutu. "Anachosema ni kweli. Hazifundishi. Hazijawahi. Ilinipasa kuwaambia tangu mwaka ule wa pili. Nikaona mmejaa, nikafurahi."

"Na chulebuni je?" mtu aliuliza.

"Dawa mlipiga ninyi. Akili ilikuwa yenu."

Kimya kilichofuata hakikuwa kile alichokuwa akikitamani. Mzee wa daftari alichana ukurasa wake, akaukunja vizuri, akautia mfukoni, karatasi haitupwi. Viti vikaanza kuburutwa. Mtu alifungua mlango mkubwa wa ghala na jua la alasiri likaingia lote kwa mara moja, na watu wakaanza kutoka, hawakupiga kelele, hawakumtukana, walitoka tu kama wanavyotoka kwenye mkutano ulioahirishwa. Wa Vwawa walitoka. Wa Tunduma walitoka, wakiulizana basi la saa ngapi. Ezron alipita karibu na projekta, akasimama.

"Miaka kumi na mmoja nasimama pale mbele," alisema. "Nauliza. Na wewe unanitazama."

"Nisamehe, mwalimu."

Ezron aliivaa kofia yake, akaondoka.

Walipomaliza kutoka, Nikodemo alihesabu waliobaki bila kutaka. Saba, pamoja na mkewe juu ya ngazi. Maduhu, kwa sababu nyumbani kwake ni mbali. Vijana wawili ambao huenda walikuwa wanasubiri kivuli. Mama mmoja anayenyonyesha. Faudhia. Na Ketrina, safu ya tatu, pembeni. Alihisi uchovu wa miaka yote kumi na miwili ukishuka kwa pamoja. Akaanza kutafuta kifuniko cha projekta.

"Unafunika nini?" Faudhia aliuliza.

"Imekwisha, mama."

"Yangu imepita haraka. Watu walikuwa wanapiga kelele za mvua, mvua, sikuiona. Nimeitoboa siku mbili, nimevunja sindano tatu. Hebu irudishe."

Basi Nikodemo akairudisha filamu kwenye rili yake, polepole, akapitisha mwanzo wake kwenye meno ya projekta, akawasha. Projekta ikaanza kutafuna. Lakini kwenye shuka lililotundikwa mbele hapakuonekana kitu. Mlango ulikuwa wazi, na mwanga wa nje ulikuwa umemeza kila nyota ya Faudhia.

"Mlango," alisema Maduhu.

Ketrina ndiye aliyekuwa karibu. Aliinuka, akajifunga khanga upya, akatembea mpaka mlangoni. Nje, wale waliokuwa wakiongea karibu na malori walinyamaza walipomwona. Aliwatazama. Akaweka mikono miwili kwenye ule mlango mzito wa bati, akaanza kuusukuma, na kipande cha jua kwenye sakafu kikaanza kupungua, kikawa upana wa kitanda, kikawa upana wa mkeka. Nikodemo alisimama mkono wake juu ya projekta inayokwenda. Kutoka pale alipokuwa alimwona Ketrina kwa upande tu, amesimama juu ya kizingiti chenyewe, na hakuweza kujua kama ataufunga akiwa ndani au akiwa nje.